Mstari Chini ya Duara

Bulla Iftin,
Garissa.
9 Septemba 2025

Mpendwa Adeer Mohamednoor, ami yangu,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii inakukuta salama huko Johannesburg, wewe na mkeo Deka, na kwamba goti lako limepoa. Mimi mwili ni mzima. Mama hali chakula sawasawa, sitakuficha.

Naandika kwa mkono kwa sababu ukipiga simu vijana huiweka spika, wakasikiliza watu kumi. Jirani yetu Abdiwali anasafiri kuja huko kesho, atakukabidhi mwenyewe. Uliambiwa kaka yangu Guleid ameuawa. Hukuambiwa kwamba chanzo ni mimi.

Chuo chetu kilitoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wenye mawazo mapya. Mimi na Bishar, ninayesoma naye uchomeleaji, tuliomba ya kufuga ngamia wa maziwa pale chuoni. Wazazi wetu wangetuazima ngamia wao, na wanafunzi wanaotoka mbali wasingeshinda na njaa. Tukapewa. Fomu ikataka kila mali ya mradi itiwe alama. Nikatengeneza chuma cha mstari mmoja mnyoofu, alama isiyo ya ukoo wowote, nikajiona mjanja kweli. Bishar alikuwa Kotile siku hiyo. Nikawachoma ngamia wote peke yangu.

Ngamia wa kina Bishar alikuwa na duara la ukoo wao shingoni, na mstari wangu ukaangukia chini yake. Duara lenye mstari chini yake ni alama ya nani, Adeer? Ni yetu! Binti wa wafugaji mzima, sikuona. Mjinga mimi.

Ami zake Bishar walikuja asubuhi kumtazama ngamia wao, wakakuta alama yetu, wakatuita wezi. Guleid alikuwa amekuja kunisaidia kukamua. Walimpiga rungu la kichwa chombo kikiwa bado mkononi. Alipoanguka wakamkanyaga, na mmoja akamchoma kisu mara mbili chini ya mbavu. Nilichukua kile chuma nikamtandika mwenye kisu usoni, nikasikia taya likivunjika. Sijuti. Ningeweza, ningempiga tena. Guleid alikata roho kwenye tuktuk, kichwa chake mapajani mwangu.

Tangu hapo ni vita. Jumapili vijana wetu walimburuta binamu yake Bishar kutoka dukani, wakamvunja mikono yote miwili. Sasa wanamtaka Bishar mwenyewe. Hakuua, lakini ndiye kijana bora wa kwao, na unaijua desturi, kisasi humlenga aliye bora. Wazee wao wameomba kulipa mag, fidia ya damu. Baba hayupo, kwa hiyo neno ni lako. Binamu Abdow anazunguka akisema, "Wallahi, adeer akisema damu tu, huyo hamalizi wiki."

Hasira hasara. Wewe ndiye uliyenifundisha, ulipokuwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Nami nina hasira kweli. Lakini walioua walidanganywa na mstari wangu. Chagua fidia, Adeer, nakuomba.

Na kuna jambo vijana hawajui. Juzi Bishar alikuja kwetu mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akasema, "Mama, kama ni damu mnataka, mimi huyu hapa." Mama alimpiga kofi mpaka akayumba. Kisha akamvuta ndani. Amemficha chumbani mwake, naye mwenyewe amekaa mlangoni na kisu cha jikoni. Ukisema damu, wataanza na mama.

Nisalimie Deka, Ilhan na mdogo wake Mowlid. Mwenyezi Mungu akupe subira na akuongoze kabla hujafungua kinywa.

Ni mimi nikupendaye, binti wa ndugu yako,
Kaaha