Mwenyekiti Wetu na Msumeno

Priscila, tumekwisha! Dada Adelfina amerudi sasa hivi kutoka msituni, analia.

Si unajua mwenyekiti wa kikundi chetu cha kulinda msitu anakataza doria kule bondeni, eti kuna nyuki wakali? Leo mbuzi wa dada katorokea huko, dada akamfuata.

Nyuki hakuna! Kuna matanuru ya mkaa.

Na anayekata miti ni Mzee Thobias, mwenyekiti mwenyewe! Thobias aliyemfundisha dada kuotesha miche! Tena kavaa fulana ya kikundi.

Akamwambia, "Adelfina, leo si zamu yako."

Si zamu yako!

Kinachomliza dada ni kwamba alishapiga goti kwa mazoea, akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akaendelea kukata.