Sikukaanga Wimbi

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Nimerudi Githongo miguu inawaka moto. Leo ilikuwa siku ya Kajuju kuchukua majibu huko Meru mjini, na mimi nilikuwa mshika faili wake. Majibu safi! Mwaka mzima tangu amalize kemo ya saratani ya titi, na hakuna kitu.

Lakini amenitesa huyo msichana. Namwita msichana tu — ana miaka thelathini na nne, ni mwalimu, ana sauti ya kunyamazisha watoto hamsini. Nesi akaita jina lake. Akaita tena. Kajuju anaangalia viatu vyake. Mara ya tatu nikasimama mimi, nikamshika sweta, nikamwinua kama gunia la viazi. Tukaingia.

Hii ndiyo sheria yetu sisi wanne tuliojuana kwenye viti vya kemo — mimi, Safiya, Cicily na Kajuju. Hakuna anayeenda kuchukua majibu peke yake. Mwenzake mmoja anamshikia faili. Kazi yake ni kukaa, kushika na kunyamaza. Ndani ya hospitali hakuna kusema pole. Pole inasemwa nje ya geti, na kama haihitajiki, tunakunywa chai na mandazi. Niliitunga mimi, baada ya mama mmoja kuniambia pole mara nane kabla daktari hajafungua mdomo.

Kwenye chai nikampa Kajuju maneno yake. Tumekatwa, tumedungwa, tumeota upara, halafu wewe unaogopa karatasi? Akacheka, machozi yakaingia kwenye kikombe. Nilijiona mkubwa sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilikuwa naoga. Upande wa kushoto, juu ya kovu, karibu na kwapa. Kuna kitu. Kadogo, kama punje ya ndengu. Hakaumi. Kanateleza chini ya kidole halafu kanarudi pale pale.

Labda ni mfupa. Mfupa gani unateleza?

Sijamwambia Kathuri. Kahawa imeanza kuwa nyekundu na mume wangu anatembea shambani akipiga mluzi. Nimwache na mluzi wake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bado kapo. Nimekabonyeza sana mpaka pameanza kuuma, na sasa sijui kama kanauma kenyewe au ni vidole vyangu.

Nimemaliza titi la Safiya. La zamani limechakaa, limekaa kama soksi. Mimi ndiye ninawashonea wenzangu, maana ile sponji tuliyopewa mwanzoni ni nyepesi, ukiinama kufagia inapanda mpaka shingoni. Yangu ni ya pamba, ndani nimejaza wimbi, ile ya uji. Wimbi ina uzito, inatulia, inashika joto la mwili. Safiya anapenda kubwa. Anasema wateja wa bucha yao wanaheshimu mwanamke aliyejaa.

Nilijaza, nikashona mdomo, nikaweka kwenye meza. Akili ilikuwa kwingine, lakini mikono inajua kazi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Safiya amekuja kutoka Kianjai kuchukua titi lake. Amelivaa hapo hapo nyuma ya pazia la duka langu la ushonaji, akajiangalia kwa kioo mbele na kando. Ameridhika. Ameniachia maini kilo moja kutoka kwa Kasim, mumewe. Aliniuliza mbona niko kimya. Nikamwambia ni jino.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamuuliza habari ya watoto.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Mkono wa kulia ulikuwa unataka kwenda kwapani kila saa, nikaukalia.

Baada ya chakula Kathuri akasema kesho tuanze kuchuma upande wa chini. Nikasema mgongo unaniuma. Akasema sawa, atatafuta vibarua. Hajauliza zaidi. Sasa nina jino na mgongo, na vyote ni vizima!

Daktari alituambia: ukiona kitu kipya, chochote, uje wiki hiyo hiyo. Nimewaimbia wenzangu maneno hayo miaka miwili. Cicily nilimfuata mpaka Kibugu, nikamtoa kwenye majani chai na gambuti zake, kwa sababu ya kipele ambacho kilikuwa kipele tu. Na mimi siku ya nne nimekaa.

Naogopa. Haya, nimeandika. Naogopa kemo tena kuliko kufa. Ile ladha ya chuma mdomoni, na Kathuri akinishikia beseni bila kusema neno. Nikienda watakaona. Nisipoenda ni punje ya ndengu tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakuna jipya. Mvua. Nimeshona sare tatu za shule. Kapo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo ni siku ambayo sitaisahau, na si kwa uzuri.

Mkutano wetu wa mwezi, Meru mjini, kile chumba cha Sunday school. Tulianza kama kawaida na mazoezi — unasimama mbele ya ukuta, unaupanda kwa vidole mpaka mkono ukatae. Mimi mkono ulikataa mapema. Nikasema ni cherehani. Cicily akasema cherehani yangu siku hizi ina kazi nyingi, inauma meno, inauma mgongo. Kumbe wanazungumza wakiwa kando, hata na Kathuri!

Tulipokaa kunywa uji, Safiya akafungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, akaweka mezani. Polepole, kama mtu anayetoa ushahidi kortini. Ndani kulikuwa na titi lake.

Lilikuwa limeota! Wallahi, kama anavyosema mwenyewe. Vichipukizi vyeupe vimetoboa pamba pande zote, vingine vimeanza kuwa kijani. Jumatatu alinyeshewa sokoni mpaka ndani, akalivua, akalifunga kwenye huo mfuko akikusudia kulianika, akasahau. Alipofungua jana akapiga nduru mpaka Kasim akaja na kisu cha bucha.

Cicily alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza: "Mama Mwaniki, sasa hii tunapalilia ama tunaweka mbolea?" Safiya naye akacheka, akasema ng'ombe wa jirani ameanza kumwangalia vibaya. Nikacheka na mimi. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote.

Kajuju hakucheka. Alilichukua, akaligeuza, akanusa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hii wimbi haikukaangwa.

Kweli. Nilimfundisha mwenyewe. Kitu cha kwanza kabla ya uzi na sindano ni kukaanga wimbi mpaka inukie nyumba nzima, ili isiingie wadudu na isiote. Zaidi ya matiti thelathini nimeshona na hakuna hata moja lililotoka bila kukaangwa. "Wewe huwezi kusahau hiyo," akasema. "Uko na nini?"

Wote wakaniangalia.

Ningesema wakati huo. Badala yake nikamgeukia Safiya! Nikamwambia ni nani alimtuma aweke kitu chenye maji kwenye plastiki, kwamba ni mzembe, kwamba kama hawezi kutunza titi la kushonewa ndiyo maana — na hapo nikakatiza, lakini nusu niliyosema ilitosha. Safiya aliinama, akafunga mfuko wake taratibu. Nikachukua mwavuli nikaondoka. Uji niliuacha.

Nina aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumapili, 19 Oktoba

Safiya amepiga simu mara mbili. Sikushika. Sina sura ya kuongea na yeye, hata kwa simu.

Jumatatu, 20 Oktoba. Mashujaa Dei

Kajuju ametokea hapa nyumbani saa nne bila kupiga simu. Shule imefungwa, amekuja na kilo mbili za wimbi. Anasema amesahau jinsi ya kukaanga, nimkumbushe. Mwongo mkubwa. Nikawasha jiko.

Tulikaa jikoni tukikoroga kwa zamu. Wimbi ilipoanza kunukia akasema, bila kuniangalia: "Mama Mwaniki, inua mkono."

Nikainua wa kulia.

"Huo mwingine."

Nikainua. Uliishia kwenye bega. Basi nikamwambia yote, mwiko mkononi, machozi yanaingia kwenye sufuria. Siku kumi na moja! Nilidhani atasema pole. Hakusema. Alinawa, akapasha vidole kwa moto, akaweka mkono pale nilipomwonyesha. Akakapata. Nilijua amekapata kwa sababu aliacha kupumua.

Akauliza kama tunaenda kesho. Nikasema kesho ni kahawa, vibarua ni wawili tu, Kathuri peke yake hawezi, labda wiki ijayo. Akasema: "Kwani unaogopa karatasi?"

Maneno yangu mwenyewe! Nilitaka kumpiga na mwiko.

Wimbi iliungua yote. Ndio moshi uliomleta Kathuri kutoka shambani. Alisimama mlangoni na kikapu kiunoni, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi. Nikamwambia. Akafungua kamba ya kikapu, akakiweka chini. Akasema, "Kumbe si mgongo." Kisha akatoka nje, akasimama sana karibu na tangi. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akasema kahawa haina miguu, haitaenda popote.

Nimempigia Safiya. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. Kesho ni saa ngapi, ndiyo kitu alichouliza.

Jumanne, 21 Oktoba

Daktari amekashika, amepima kwa mashine, ametoa kipande kwa sindano. Akauliza nilikaona lini. Nikasema ukweli. Hakunigombeza, aliandika tu tarehe. Ningependa angenigombeza.

Majibu ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe thelathini.

Safiya ndiye alishika faili leo. Alinyamaza kabisa. Nje ya geti akanikumbatia upande wa kulia, akasema pole. Nikasema hapana, pole ni mimi. Tukabishana hapo getini, pole ni ya nani, mpaka askari akatuomba tupishe gari.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wamekuja kuchuma kahawa! Wote watatu, saa mbili asubuhi, na magauni ya zamani na leso kichwani. Kathuri alidhani ni msiba.

Hakuna kati yao mwenye mikono miwili yenye nguvu kamili tangu kukatwa titi, lakini kila mmoja ana mmoja mzuri. Wamepanga wenyewe: vikapu vidogo, wa mkono wa kulia upande huu wa mti, wa mkono wa kushoto upande ule, na kubeba ni kazi ya Kathuri na vibarua. Cicily amezaliwa kwenye majani chai, alianza kuchuma kwa kasi ya chai, mbichi na mbivu pamoja. Kathuri ni mtu wa maneno kumi kwa siku. Leo yote kumi yaliisha kabla ya saa nne — kiwandani watanirudishia! nyekundu tu, mama, nyekundu! Cicily akamwambia kwao Kibugu kitu cha kijani ndicho pesa.

Mimi nilikatazwa kushuka shambani. Nikawekewa kiti kivulini na sufuria ya wimbi. Nimekaanga mpaka jirani akauliza kama tuna harusi. Nimemshonea Safiya jipya, kubwa kidogo kuliko lile. Amelivaa, akalipigapiga, akauliza kama hili ni la kupanda au la kuvaa.

Lile la zamani hakulitupa. Amelizika kwenye debe nyuma ya bucha na wimbi inakua vizuri. Kasim anaimwagilia maji kila jioni na hajui kuwa ni ile ile ya siku ya nduru.

Tulikula nyama aliyoleta Safiya, na mukimo wangu. Kwa saa nzima hivi sikukakumbuka. Kisha nikakumbuka, nikaangalia wale watatu wakigombania mfupa, nikaona uchungu wa kweli. Sitaki kuwaacha. Kabla ya ugonjwa sikuwa hata na rafiki mmoja, nilikuwa na wateja.

Jumatano, 29 Oktoba

Kesho. Nimepiga pasi gauni la bluu. Kathuri amepiga viatu vyangu rangi, hajawahi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Naandika hapa kwenye benchi la hospitali ili mikono iwe na kazi. Niko namba kumi na nne. Wameingia kumi na moja.

Anaruhusiwa mtu mmoja tu ndani. Kathuri, Safiya na Cicily wako nje ya geti. Niliwaacha wakiagiza chai kwenye kibanda, na nilisikia Cicily akisema mandazi yasubiri kwanza. Wote wakaniangalia kama amesema tusi.

Kajuju ana faili. Ameomba ruhusa kazini. Amelishika kwa mikono miwili, juu ya magoti, na hajafungua, ingawa bahasha ya majibu inaonekana imechomoza. Ananyamaza kama nilivyomfundisha. Natamani aseme kitu! Hata pole, hata habari ya hali ya hewa. Sheria mbaya sana hii.

Kumi na mbili ametoka. Hatukumwangalia usoni.

Mkono wa kushoto unauma. Labda ni kuchuma — lakini mimi sikuchuma.

Kumi na tatu.

Nikikumbuka nilivyomvuta huyu msichana siku ile. Nilidhani ni uoga. Si uoga, ni miguu tu inakuwa ya mtu mwingine.

Mlango umefunguliwa. Nesi ametoa kichwa. Ananiita: Kinya Kathuri.

Anasema tena. Mimi bado naandika, viatu vyangu vinang'aa kweli. Kajuju ameshasimama, faili kwapani. Amenishika sweta