Mama Mkwe Alinialika Sauna, Nikatoka Mbio

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijampoteza mchumba kwa sababu ya kuoga. Mimi ni Frankline, kijana wa kisiwa cha Takawiri kule Homa Bay, na huu ni mwaka wa tatu niko Finland, huku Ulaya kwenye baridi kali, nafanya kazi ya kutunza wazee, na mambo mengi ya huku nimeyazoea, nimezoea jirani kunipita kwenye ngazi bila salamu, nimezoea watu kukaa kimya hata mezani, lakini hili moja limenishinda kabisa.

Mwezi uliopita mchumba wangu Aino alinipeleka kwa wazazi wake, nyumba yao iko kando ya ziwa, nami nikafurahi kweli kuona ziwa, tukala samaki vizuri, halafu mama yake, Marjatta, mama wa miaka sitini hivi, akanijia na taulo mkononi anatabasamu, akasema sauna imepata moto, twendeni sote. Mshauri, sauna ni kijumba cha mbao chenye mawe ya moto, watu huingia humo kutoa jasho, tena bila nguo! Na wewe unajua kwetu Wajaluo maro, yaani mama mkwe, huheshimiwa kwa mbali, baba yangu hajawahi hata kumpa mkono mama mkwe wake, sasa mimi niketi na wangu kwenye mvuke? Nilisema nina malaria. Nikatoka mbio mpaka kituo cha basi, koti nikaliacha.

Marjatta alilia. Aino anasema kwao kualikwa sauna ndiko kukaribishwa nyumbani, na sasa mama yake amekataa kuja Homa Bay Desemba kumwona mama yangu, kwa sababu eti nimemkataa. Na bado alinitumia koti langu kwa posta, mfukoni ametia soksi za sufu alizofuma mwenyewe, za kunipa joto na ile malaria yangu. Nimeona aibu sana. Mama ameshatenga mbuzi wa wageni, na mimi nampenda Aino. Nifanye nini?

Frankline, Finland

*

Frankline mwanangu, pole, na unisamehe, nimecheka mpaka chai ikapoa. Sasa kaa nikugombeze.

Heshima yako naielewa. Mume wa binti yangu kule Rongo akiniona sokoni huzunguka nyuma ya vibanda vya nyanya, na mimi hurudi nyumbani nimefurahi, kwa sababu najua maana yake. Marjatta atajuaje? Yeye ameona mgongo wako tu, ukikimbia. Umemheshimu kwa lugha asiyoijua, halafu ukaongeza uongo juu. Malaria kwenye theluji, Frankline! Hata mbu wenyewe wangeshangaa.

Mpigie simu leo, Aino akae kando akusaidie kutafsiri. Mwambie hukuwa mgonjwa. Mweleze maro ni nani kwenu, na kwamba ulikimbia kwa sababu tayari ulimhesabu kuwa mama mkwe wako. Mama yeyote akisikia hivyo atalainika.

Kuhusu hiyo sauna, umemuuliza Aino kama kuna zamu? Nasikia familia nyingi huko wanaume huingia peke yao na wanawake peke yao. Kwani wewe Takawiri ulikuwa unaoga ziwani upande wa kina mama? Omba zamu ya wanaume, ingia na baba mkwe, utoke jasho mpaka uchoke. Hapo utakuwa umekaribishwa bila kuvunja mwiko wa mtu.

Na kabla Marjatta hajakata tikiti ya Homa Bay, mwambie kwamba akija hatalala nyumbani kwako, na sababu yake, kwamba kwenu maro halali kwa mkwe wake. Mtafutie chumba kizuri karibu na ufuo. Usipomwambia mapema, atalia mara ya pili, na safari hii mama yako atakuwa anatazama.

Jumapili rudi kwao ukiwa umevaa zile soksi. Akikumiminia kahawa, kaa, hata kama ni mwisho wa meza, unywe mpaka kikombe kiishe. Na koti usilivue mbali, usije ukaliacha tena.