Upepo Haina Barrière

Siku ya mercredi, mwezi wa kumi na mbili. Jua inachoma tangu asubui, mvua imegoma, na mi roho yangu imechoka.

Mi nasema, Asha, muke wa mutoto wangu wa pili, anaandika. Masomo sikupata. Asha, usinitengenezee maneno. Andika vile natoa.

Bwana yangu anakufa. Basi, nimesema.

Kifua yake inalia kama mulango ya zamani. Amelala hapa mu nyumba yetu ya Dilala, nyumba kampuni ilimupa wakati alikuwa dereva ya kamyo ya shaba, na kila siku anauliza neno moja tu: Ilunga iko wapi?

Ilunga ni mutoto wetu wa kwanza. Ni mekanisien, fundi ya mashini, ku meli kubwa ya mizigo. Meli yake inatoka Asia, inakuya ku Durban kupakia shaba ya kwetu. Kutoka pale angepanda ndege akuye. Kwetu baba hawezi kwenda bila kumupakala mutoto wa kwanza mpemba, ule udongo mweupe, ku paji ya uso, na kumupulizia maji ya kinywa. Bila ile, Ilunga hatakaa mu kiti ya baba yake, na ndugu zake hawatamusikiliza. Nimeona jamaa zimevunjika juu ya ile.

Sasa meli haifiki.

Ilunga alinieleza ku telefone, sauti inakatika-katika. Anasema bahari imepata moto mwaka huu kupita kawaida, na moto ile inazaa zoruba kubwa upande wa Madagascar, moja nyuma ya ingine. Kuko bantu mu bureau ya mbali, kazi yao ni kuangalia upepo ya dunia yote, njo banamwambia kapteni apite wapi. Basi bamemwambia azunguke mbali, apunguze mbio, angoje zoruba ipite. Na ile moto ya bahari, anasema, njo inavuruga na mvua yetu hapa. Ku Nzilo, kule banatoa umeme ya maji, maji imeshuka, courant inakatika, bwana yangu anakosa hata ventilateur ya kumupepea.

Bahari sijaiona hata siku moja. Lakini inanipiga mu nyumba yangu.

Unajua nilimujibu nini? Nilimwambia: "Baba, ule muntu wa ku bureau, umutafutie kitu kidogo afungue njia." Mi nimeishi maisha yote na madereva. Kwetu njia ikifungwa, kuko muntu amesimama ku barrière, ule muti banalaza mu njia, na ule muntu anasikiaka njaa.

Ilunga alicheka. Alicheka mpaka kicheko ikageuka kilio. "Mama, upepo haina barrière."

Muntu muzima wa ndevu analia kule ku maji, na mi siwezi kumushika kichwa.

Muzee, bwana yangu, nilimudanganya. Nilisema Ilunga iko Kasumbalesa, ku mupaka, mu mulolongo ya kamyo. Jana mchana akafungua macho: "Bado Kasumbalesa? Amebeba nini, mulima?"

Dereva humudanganyi mambo ya mupaka. Nikashindwa. Nikamwambia yote: zoruba, bureau, kuzunguka. Nililia bila haya, makamasi na yote.

Yeye hakulia. Aliuliza kama kapteni iko na akili. Nikasema sijui, lakini anazunguka.

"Basi iko na akili. Bale ba kupita tu katikati ya hatari, nilibazika mingi."

Kisha akaomba mpemba.

Nilifikiri anapotea kichwa. Mpemba ya nani, na mutoto haiko?

"Leta kichwa yako, mama Ilunga."

Nikakataa. Mi ni muke yake, hapana mutoto wake, na kwetu mwanamuke hapakaliwi mpemba ya kiti ya baba. Ndugu zake bakisikia, batapiga kelele mpaka kule mbali Kisenge. Akanikazia macho, yale ya zamani, wakati nilizidisha chumvi mu mboga ya bukari, ugali yetu.

"Weye ulimubeba mu tumbo. Utashindwa kumubebea hii?"

Akanipakala. Maji ya kinywa ilikuwa kidogo sana, ingine ikaanguka ku kidevu yake. Alitaja jina ya Ilunga, yangu hakutaja.

Tangu pale sijanawa uso. Asha anacheka vile nakunywa uji kama muntu amebeba mayai ku kichwa. Acheke. Na ndugu za muzee bakuye baone, nitabafungulia mulango na uso yangu nyeupe hivi hivi. Nani kati yao alimubeba Ilunga?

Muzee amelala sasa. Anapumua, anaacha. Anapumua tena.

Ilunga, zunguka, mutoto wangu. Usimuharakishe kapteni. Nimezika wazazi, nitazika na bwana, lakini weye sitakuzika.

Ninajiuliza tu: siku nitakugusisha paji yangu ku paji yako, baraka ya baba itakubali kupita kwako, ao itabaki kwangu mwanamuke?