Sita, Baki Tatu

Jumamosi, 1 Machi 1952

Nkome, kando ya Ziwa Viktoria. Miaka thelathini na sita tangu Wajerumani waliponichukua Kilwa kubeba mizigo ya vita. Leo nimemwona ndugu wa damu kwa mara ya kwanza: Fikirini, mtoto wa dada yangu Mwanne. Ameshuka kwenye lori la samaki, akasema, "Shikamoo, mjomba." Ana paji la uso la baba yangu! Mfanyabiashara mmoja wa Geita ndiye aliyewapelekea habari zangu. Fikirini anataka turudi Kilwa pamoja. Lori liko Ijumaa. Nimemwambia nitafikiri.

Jumapili, 2 Machi

Zipora hakunipa nafasi ya kufikiri. Yeye na wenzake, wanawake saba kwa jumla, hununua samaki pamoja, huwakausha kwa moshi na kuwapeleka kwenye kambi za migodi. Hugawana kwa kuzungusha: wewe mmoja, wewe mmoja, mpaka ugomvi. Ameniomba nimfundishe kugawanya kichwani. Leo sato arobaini na watano, watu saba.

"Tano," akasema. "Baki kumi."

"Zipora, chini wamelala samaki kumi na wenzako wako saba. Watakubali kwenda nyumbani?"

Akacheka akashika mbavu. "Wataniua, namhala!" — ndivyo Wasukuma wanavyomwita mzee. Kisha akapaza sauti: "Sita! Baki tatu!"

Tukazungusha kuhakikisha. Kila mmoja sita. Wale watatu tukawachoma palepale, tukala wote. Zipora akaniuliza, mwiba mdomoni: "Ulijuaje kabla hujagusa samaki?"

Nimesoma vitabu, nimefundisha hesabu hii miaka mingi, na sikuwahi kuiona kama alivyoiona yeye. Hata ukigawanya mchanga wote wa ufuko huu kwa saba, baki halifiki saba. Linapanda mpaka sita, kisha linazimika. Nani aliuweka mpaka ule? Subhanallah.

Jumanne, 4 Machi

Kioja! Zipora anafanya mazoezi, mimi namwitikia kwa sauti. Arobaini na nne kwa saba — sita, baki mbili. Arobaini na sita — sita, baki nne. Ng'ambo ya ua wa mabua, Mwanaidi anakaanga vitumbua. Alichosikia ni mzee Abdu akisema, "Sitabaki... sitabaki..." Hayo ya mbili na nne hakuyajali. Kufika adhuhuri ufuko mzima umepata habari!

Mageni mvuvi amenipigia kelele kutoka kwenye mtumbwi: mchumba wa pwani ananitaka nikiwa na meno mangapi? Zipora alikuja hana utani. "Namhala, tumefika kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, ndipo unatukimbia?"

Nikaeleza. Wakacheka, hata Mwanaidi mwenyewe. Fikirini hakucheka. Alikwisha kuniwekea nafasi kwenye lori. "Kwa hiyo hukusema, mjomba?"

Jumatano, 5 Machi

Nimemwuliza Fikirini habari za nyumbani, moja baada ya moja. Walinisomea khitma zamani. Baba aliacha minazi thelathini. Wakaigawa nikihesabiwa maiti. Kaka mafungu mawili, Mwanne moja: ishirini, na kumi. Kwa minazi hiyo kumi Mwanne amemlea Fikirini, na ndiyo inayomlisha hadi leo.

"Mama amesema ukifika tunagawa upya. Ameridhika, mjomba."

Nimegawa. Kaka mawili, mimi mawili, Mwanne moja. Thelathini kwa tano ni sita. Minazi minne inamtoka Mwanne.

Na hakuna baki! Thelathini imekubali kwa tatu, imekubali kwa tano, bila kinyongo. Nimeitazama karatasi muda mrefu. Namba ile ilitimia mimi nikiwa maiti, na inatimia nikiwa hai. Haina habari nami. Nimeogopa, kisha nikaona ni nzuri mno.

Nikimwambia Mwanne sitaki fungu langu, hatasikia. Utotoni alinimegea mkate wake hata nikikataa. Alinifuata nao mpaka nje. Nikiwa mbele yake, atanipa. Nikiwa mbali, hana wa kumkabidhi.

Ijumaa, 7 Machi

Lori linapiga honi. Fikirini amekunja mkeka wangu, ameufunga kamba, ameutoa nje. Namsikia akimwambia dereva, "Mjomba anavaa."

Nimevaa. Nimekaa kitandani na kalamu.

Zipora yuko mlangoni na sato wawili wa moshi, wa njiani. Haingii. Nimemwambia ampe Fikirini wote wawili. Amenitazama — ameanza kuelewa, nadhani. Hajasogea.

Honi tena. "Mjomba! Watu wanangoja!"

Atamwambia mama yake kwamba amenikuta hai. Hilo linatosha, au halitoshi, sijui. Anakuja, nasikia viatu vyake.

Sitarudi Kilwa.