Mananasi ya Donatille

Goma, 3 Machi 2002

Mwanangu Umuhoza,

Salamu nyingi. Habari za Sake? Mama Charline na watoto wake wazima? Mpe asante zangu kwa kukulaza tangu moto wa mlima Nyiragongo ututawanye. Mimi niko mzima, ni vumbi tu la haya mawe ya volkano linanikwaruza koo. Nimeanza kusimamisha kibanda cha mbao kwenye kiwanja chetu. Chini bado kuna joto, na paka wa jirani hataki tena kulala kwao.

Nakuandikia kwa sababu jana kikapu kimefika tena kutoka kisiwani Idjwi. Mananasi, na mchuuzi akasema kama kawaida: "Koko anasema ni ya Donatille." Nikapokea, nikasema asante. Tangu tumzike mama yako mwezi wa kumi na mbili, Koko, mama yake mzazi, anaendelea kumtumia matunda, nasi tunayala. Sasa hata kaburi lake limefunikwa na mawe meusi, nami sijui nisimame wapi nikitaka kumwombea. Siwezi kupokea kikapu kingine.

Ningekwenda mwenyewe, ni kazi ya mkwe. Lakini nikiacha kibanda, mbao zitaibwa. Nenda wewe. Mashua za abiria waasi wamezichukua, na magari yanaporwa kwenye kila kizuizi. Tembea kando ya ziwa mpaka Minova, ulale kwa mapadri na masista, kisha utafute mtumbwi.

Usimwandikie. Unajua kwetu msiba hauandikwi. Mtu anaambiwa na mtu wa damu yake, mchana, akiwa ameketi, na amekwisha kula, maana baadaye hatakula. Asipoambiwa hivyo, kwake Donatille bado yuko hai, na hakuna mwenye haki ya kumuua kwa karatasi.

Nakuamini, ingawa wewe ni mtu wa kuchelewa hata misa ya saa nne.

Papa yako,
Munyaneza


Minova, 10 Machi 2002

Papa mpenzi,

Jambo sana. Unaendeleaje, na koo je? Mimi ni mzima, isipokuwa miguu. Begi la mgongoni nililoazimwa na Charline lilikatika mkanda huko Shasha, nikalifunga kwa kitenge.

Ziwa liko kushoto kwangu tangu Sake. Ni zuri sana, na inaniudhi kwamba ni zuri. Mama ndiye alitaka tutembee njia hii pamoja nikimaliza shule, unakumbuka? Tulale kila mahali, tule sambaza, vile visamaki vya ziwani, kila kituo. Nimezila kila kituo. Sikusikia utamu wake.

Kirotshe nililala kwenye nyumba ya wageni ya masista, chumba kimoja na mchuuzi wa vitunguu kutoka Butembo, Mama Kahindo. Anakoroma mpaka dirisha linatikisika, lakini asubuhi alinigawia chai yake, akanipaka mafuta kwenye malengelenge.

Kwenye kizuizi askari alimwaga vitu vyangu vyote chini.

"Unaenda kufanya nini Idjwi?"

"Niko naenda kuona koko yangu."

"Na mama yako iko wapi?"

"Iko ku nyumba."

Papa, si uongo kabisa, kaburi liko nyumbani. Lakini nililia nikikusanya nguo, hata yule askari akaona haya, akainama kunisaidia kuzikunja. Sasa nitamwambiaje Koko?

Jambo lingine. Mama Charline anasema ulipokuja Sake ulikohoa usiku kucha. Niambie ukweli.

Mtoto wako,
Umuhoza


Goma, 15 Machi 2002

Mwanangu,

Salamu. Barua yako nimesomewa mara mbili. Usishangae mwandiko, ni wa baba mdogo wako Ferdinand, maana nyundo imeniharibia vidole. Mama Charline anapenda maneno. Kikohozi kila mtu anacho hapa Goma, hata kuku.

Kibanda kimepata paa. Nimekuwekea dirisha upande wa ziwa. Ni kubwa kuliko mlango, kwa sababu Ferdinand ndiye aliyepima. Hataki kuliandika hilo, nimemlazimisha.

Usiogope. Neno lenyewe ni fupi. Likishatoka, mshike mikono, basi. Wala usirudi mbio, kaa naye mpaka aweze kula tena. Mimi ninangoja, sina haraka.

Papa yako,
Munyaneza


Idjwi, 22 Machi 2002

Papa mpenzi,

Jambo sana, na mpe jambo baba mdogo, fundi wa madirisha. Barua yenu nimeipata Minova kabla ya kupanda mtumbwi. Wapiga kasia waliimba njia nzima, mimi nikitoa maji kwa sufuria, maana mtumbwi unavuja na hakuna aliyejali. Katikati ya ziwa niliuona mlima wetu na moshi wake. Nikatafuta Goma chini yake, sikuiona.

Koko alikuwa shambani. Aliponiona napanda na begi mgongoni, akasimama, akatazama nyuma yangu muda mrefu kama kuna mtu aliyebaki njiani. Akanikumbatia, akanipikia.

"Kuya tukule, Koko."

"Miye niko nafunga, mutoto. Ni Karema."

Tangu siku hiyo hajaketi kula mbele yangu. Anatafuna muhogo akiwa amesimama huko kwenye migomba, na nikimkaribia anautupa. Nikimvutia kiti, anakumbuka mbuzi. Papa, anajua. Anajua ninangoja nini, na Kwaresima imempa pa kujificha.

Jana alinionyesha mananasi yake. "Hii itaiva kisha Pasaka. Mama yako anapenda yenye kuiva sana." Nikasema ndiyo, Koko.

Mtoto wako,
Umuhoza


Idjwi, 2 Aprili 2002

Papa mpenzi,

Unaendeleaje? Sijapata jibu lako, labda wachuuzi wamekwama kwa ajili ya sikukuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimesema. Siku ya Pasaka Koko hakuwa tena na kisingizio. Tulitoka misa, akapika ndizi na maharage, akaketi mkekani jua likiwa kali, akala. Alikula polepole, haragwe moja moja, na mimi niliyengoja siku zote hizo nikaanza kuomba sahani isiishe. Ikaisha. Akanawa mikono, akaiweka magotini.

"Nimekula. Sema sasa."

Nikasema. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mulimuzika na kitenge gani?" Nikamwambia ni kile cha kijani alichomtumia yeye. Hapo ndipo alipolia, tukalia wote, mpaka majirani wakaja. Habari ya mawe juu ya kaburi sikumwambia. Moyo wangu ulikataa.

Leo asubuhi amekunywa uji kidogo. Kisha akaenda kuyashika mananasi, akasema, "Sasa hii itakuwa ya Munyaneza. Amebakia peke yake." Nitakuletea mwenyewe.

Mtoto wako,
Umuhoza


Goma, 9 Aprili 2002

Mpendwa Umuhoza,

Salamu kutoka kwetu. Mimi ni mzima, mke wangu mzima, watoto wazima, majirani pia. Mvua inanyesha vizuri. Barua zako za Idjwi zimefika.

Rudi kwa mtumbwi wa kwanza utakaoupata. Ukifika Sake, usipitilize. Ingia kwa Mama Charline, uingie mchana. Atakupikia. Ule kwanza, upumzike. Nami nitakuwa hapo hapo nakungoja, tutaongea.

Baba yako mdogo,
Ferdinand


Minova, 14 Aprili 2002

Papa mpenzi,

Jambo sana. Unaendeleaje? Nakuuliza kama siku zote.

Barua ya baba mdogo nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Ametaja mkewe, watoto, majirani, hata mvua. Wewe hakukutaja. Nimetafuta jina lako juu na chini, hata nyuma ya karatasi.

Lakini hakuna aliyeniambia kitu, kwa hiyo bado naweza kukuandikia. Ni wewe uliyenifundisha hivyo.

Nina hasira nawe, Papa. Ulinituma mbali, ukaniambia ni kwa ajili ya mbao. Ningejua, ningekaa nikupigilie hiyo misumari mwenyewe, nikupikie uji, nikuguse kipaji cha uso. Ulisema utangoja.

Koko alinisindikiza mpaka ufukoni. Akanijazia begi mananasi, akasema, "Ya Munyaneza." Nikapokea, nikasema asante, kama ulivyokuwa ukisema wewe. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe sijaambiwa. Yananukia mgongoni mwangu, na watoto wa hapa Minova wananifuata wakiomba. Nawajibu kwamba yana mwenyewe.

Kesho nitalala tena Kirotshe kwa masista, kesho kutwa ni Sake. Natembea taratibu. Unajua mimi ni mtu wa kuchelewa. Mama Charline atakuwa ameivisha maharage, na baba mdogo atakuwa karibu na mlango, atanivutia kiti. Kwaresima imekwisha, sina cha kusingizia.

Nitasema tu kwamba sina njaa.

Mtoto wako,
Umuhoza