Sisi Hatujengi ya Kurushwa

Sakina, Arusha
12 Februari 2024

Kaka Lekishon, shikamoo.

Habari za Dubai na joto lake? Sisi wazima. Yeyo magoti yanamsumbua kwa baridi ya Oldonyo Sambu, lakini bado anafukuza mbuzi wa jirani mahindini, kwa hiyo mama yetu yupo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siku hizi tunaishia kukatiana.

Wiki iliyopita Shamsudin alikuja karakana, yule mfanyabiashara anayejenga bustani ya michezo barabara ya Moshi. Anataka rola kosta. Moyo uliniruka, kaka! Miaka yote hii tunachomelea mabembea na farasi wa kuzunguka, leo mtu anataka treni nzima yenye milima yake. Nikamwonyesha mchoro wangu: mnyororo unaivuta treni hadi kileleni, halafu inashuka yenyewe.

Akacheka. "Hiyo ya kupanda polepole ni ya wazee. Mimi nataka ya kurushwa kwa umeme. Mtu akikaa tu, paa!"

"Hiyo hatujengi."

"Hamwezi?"

"Hatujengi."

Aliondoka amenuna. Karakana ni yetu sote wawili, na wewe ndiye uliyeianzisha, ndiyo maana nataka ulisikie kutoka kwangu.

Mdogo wako,
Simaloi

---

Dubai
20 Februari 2024

Dada yangu mdogo Simaloi,

Marahaba. Mimi mzima, ila kazi zimenizidi. Mpe Yeyo pole, kuna mtu anakuja huko, nitampa dawa ya kuchua.

Sasa niambie, una akili timamu? Mimi ni fundi kwenye bustani yenye treni mbili za kurushwa. Nazihudumia kwa mikono hii. Zinaruka asubuhi mpaka usiku, na watu wanazipangia foleni kwenye jua ambalo wewe lingekuangusha. Hapo ndipo dunia ilipofika. Wewe bado unataka kuwavuta watu kama ndoo ya kisimani?

Shamsudin amenipigia. Nimemwambia tutajenga. Baba hakutuachia kiwanja cha Sakina ili tuzeeke tukitengeneza mabembea ya watoto. Acha woga. Mfuate, mwombe radhi, anza michoro. Mimi mkubwa wako nimesema.

Kaka yako,
Lekishon

---

Sakina
25 Machi 2024

Kaka, shikamoo.

Natumaini hujambo. Dawa imefika. Yeyo anasema inanuka kama petroli, lakini kila jioni anajipaka.

Umeniita mwoga. Hujauliza mwaka jana nilikuwa nafanya nini. Niliweka reli fupi nyuma ya karakana na kilima kidogo mwishoni, nikawa narusha behewa lililojaa mifuko ya mchanga. Mara nyingi liliruka vizuri, na nilishangilia peke yangu kama mwehu. Halafu alasiri moja umeme ukapungua kidogo tu, hata taa hazikuzimika. Behewa likapanda, likakaribia kilele, likasita, likarudi. Naftali, msaidizi wangu, alikuwa ameshainama relini kuokota spana. Nilipiga ukelele, akajitupa kwenye majani. Behewa likabomoa ukuta wa choo.

Naftali alicheka siku ile. Mimi sikucheka.

Najua utasema kuna breki za kulizuia lisirudi. Zipo. Kuna na mitambo ya kuhifadhi umeme, na sumaku, na kompyuta ya kuvipatanisha vyote. Navijua, nimevisomea. Lakini nyinyi huko mna ghala la spea na wataalamu mlango wa pili. Hapa kikifa kidude kimoja tunaagiza ng'ambo, bustani inafungwa, na jina linalolaumiwa ni letu. Ya mnyororo haihitaji nguvu yote kwa mara moja. Umeme ukikatika, meno yaliyo kwenye reli yanaishika treni palepale, watu wanashuka kwa ngazi. Kikivunjika chuma, tunakichomelea wenyewe.

Sisemi haiwezekani. Nasema sitamkalisha mtoto wa mtu kwenye kitu ambacho kikiharibika nitabaki nakikodolea macho. Wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Saini mkataba ukitaka. Utasaini bila mikono yangu.

Mdogo wako,
Simaloi

---

Dubai
9 Novemba 2024

Simaloi,

Salamu. Nimekaa kimya muda mrefu, unajua kwa nini. Yeyo anaendeleaje? Nimeambiwa mvua zimeanza.

Jumamosi iliyopita treni ya Shamsudin ilifunguliwa. Nilimuunganisha na Wazungu, wakaja, wakajenga, wakaondoka. Tazama picha niliyoambatisha. Inarusha! Arusha nzima iko pale, na hakuna aliyechubuka hata ukucha. Jina letu lingekuwa juu ya lango lile, mdogo wangu. Umelikataa kwa kiburi.

Nakuomba ufute jina langu kwenye kibao cha karakana. Sitaki kuhesabiwa pamoja na watu wa mnyororo.

Kaka yako,
Lekishon

---

Sakina
2 Februari 2025

Kaka yangu Lekishon, shikamoo.

U mzima? Yeyo mzima kabisa, na anakusalimu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika yote.

Picha niliiona, na sikuridhika na picha. Nilienda mwenyewe na Naftali, tukakata tiketi kama watu wengine. Kaka, ni tamu. Sikudanganyi. Ilinirusha nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, nikashuka, nikarudi foleni. Na bado sitaijenga.

Tangu Krismasi imesimama. Treni haikufika kileleni, ikarudi, breki zikaikamata vizuri, watu wote wakashuka salama. Wazungu wale walifanya kazi safi, lazima niseme. Lakini kuna kifaa kinasubiriwa kutoka nje, na hakuna anayejua kitafika lini. Sikufurahi. Watoto wanakuja pale wanashika uzio tu.

Shamsudin alinifuata. "Basi nifungie mnyororo wako kwenye mlima wangu."

"Mlima wako ni mkali mno. Umechorwa kwa ajili ya kurushwa. Siufungi."

"Wewe dada unakataa kila kitu!"

"Nakataa nisichoweza kukisimamia."

Safari hii hakununa. Alikaa kwenye benchi, akaomba chai.

Sasa habari yangu. Hans wa Kikatiti, mwenye uwanja kando ya barabara kuu, aliomba ile ya mchoro wangu. Tuliifungua jana. Yeyo alikataa katakata kubaki chini, akakaa behewa la mbele pamoja nami. Tukapanda taratibu, mnyororo unalia chini yetu, na wingu likauachia Mlima Meru wote. Akanyoosha kidole: "Kwetu ni nyuma ya pale." Hakumaliza sentensi, tukashuka. Alinitukana kwa Kimaasai mpaka chini. Tuliposimama nikataka kumfungua mkanda, akanipiga mkono.

"Rudia," akasema.

Kuhusu jina lako. Rangi nilinunua, ngazi nikaegemeza, nikapanda mpaka kwenye kibao. Kisha nikalipaka jina lako upya, maana jua lilikuwa limelififisha. Ukitaka lifutwe, njoo ulifute mwenyewe. Kasirika unavyotaka. Ngazi ipo, karakana hatufungi mpaka jioni.

Mdogo wako,
Simaloi